Hisa Zikiunganishwa, Nani Hupungukiwa?

Ijumaa ya tarehe 6 Mei 2011, hisa moja ya benki ya Citigroup ilimaliza siku katika Soko la Hisa la New York ikiwa dola 4.52. Jumatatu iliyofuata ilianza siku ikiwa karibu dola 45. Ukiziona bei hizo mbili bila maelezo utadhani kuna watu waliotajirika wakiwa wamelala. Hakuna aliyetajirika. Benki ilikuwa imeunganisha kila hisa kumi kuwa moja: hisa zake zote, zilizokuwa takriban bilioni 29, zikawa bilioni 2.9, na aliyekuwa na hisa 500 siku ya Ijumaa alikuta 50 kwenye akaunti yake.

Hesabu yenyewe ni ya darasa la nne. Thamani ya kampuni sokoni ni idadi ya hisa mara bei ya hisa moja. Ukigawanya idadi kwa kumi na kuzidisha bei kwa kumi, jibu ni lile lile. Ni sawa na kwenda dukani na noti kumi za shilingi mia ukarudi na moja ya elfu. Sehemu yako ya kampuni haijasogea, uzito wa kura yako haujasogea, na jumla ya gawio lako, kama lipo, haiongezeki wala haipungui kwa sababu hiyo peke yake.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki jambo hili lina ugeni wake, maana tumezoea zaidi upande wa pili. Mwaka 2009 Equity Bank ya Kenya iligawa kila hisa moja kuwa kumi. Hisa zake zikatoka takriban milioni 370 hadi bilioni 3.7, na mwenye 100 akajikuta na 1,000. Kampuni hugawa hisa bei inapokuwa imepanda mpaka mtu wa kawaida anaiona ghali. Kuunganisha, mara nyingi, hufanyika bei ikiwa imeanguka. Ndiyo maana habari hizi mbili, ambazo kwenye karatasi ni hesabu moja iliyopinduliwa, hupokewa na soko kwa nyuso tofauti kabisa. Kuunganisha hisa kwenyewe hakumli mtu kitu. Kuna mambo mengine ambayo huja nayo pamoja, na hayo ndiyo yanayokula.

Kwanza, kwa nini kampuni ijisumbue? Sababu kubwa kule Marekani ni dola moja. Soko la Nasdaq lina sharti kwamba bei ya hisa ikikaa chini ya dola moja kwa siku 30 za biashara mfululizo, kampuni huandikiwa barua na kupewa siku 180 za kurekebisha mambo. Baadhi huongezewa 180 nyingine. Soko la New York nalo lina sharti linalofanana, likitumia wastani wa bei wa siku 30. Anayeshindwa huondolewa, na hisa zake huenda kuuzwa nje ya masoko makuu, ambako wanunuzi ni wachache na pengo kati ya bei ya kununua na ya kuuza ni pana. Kupandisha bei kwa njia ya halali ya kazi, yaani kuuza bidhaa zaidi na kupunguza hasara, huchukua miaka. Kuunganisha hisa kunahitaji uamuzi wa bodi, kura ya wanahisa, na usiku mmoja wa kubadilisha namba kwenye kompyuta.

Citigroup ya 2011 haikuwa ikikimbizwa na dola moja. Kwake yeye lilikuwa suala la hadhi na la wanunuzi: mifuko mingi ya uwekezaji ina kanuni za ndani zinazoizuia kununua hisa za chini ya dola 5, na madalali wengi hawakubali kukopesha fedha kwa dhamana ya hisa za bei hiyo. Lakini swali lenye faida zaidi kwa mwekezaji mdogo ni hili: hisa hizo zilifikaje bilioni 29? Kabla ya msukosuko wa fedha wa 2008 benki hiyo ilikuwa na hisa takriban bilioni 5. Ilipookolewa ilitoa hisa mpya kwa mabilioni, na serikali ya Marekani peke yake ikapata bilioni 7.7 kwa dola 3.25 kila moja. Aliyekuwa na asilimia fulani ya benki mwaka 2007 alikuwa amebaki na kipande kidogo cha asilimia hiyo miaka miwili baadaye. Hasara ilikuwa imeshaingia. Kuunganisha kwa 2011 kulifunika nyayo tu.

Na kulizifunika vizuri. Dola 45 ilionekana kama bei inayokaribia ile ya mwisho wa mwaka 2006, ambayo ilikuwa zaidi ya dola 50. Mtu angeweza kusema benki karibu imerudi pale ilipokuwa. Ukweli ni kwamba, kwa kipimo cha hisa mpya, bei ile ya 2006 ni zaidi ya dola 500.

Sitaki msomaji aondoke akidhani kila kampuni inayounganisha hisa iko njiani kwenda makaburini. General Electric iliunganisha hisa nane kuwa moja mwaka 2021, kutoka takriban bilioni 8.8 hadi bilioni 1.1, bei ikatoka karibu dola 13 hadi 104, na waliovumilia hawakujuta. Priceline, kampuni ya kuuza tiketi na vyumba vya hoteli mtandaoni, iliunganisha sita kuwa moja mwaka 2003 baada ya kuponea chupuchupu mporomoko wa kampuni za intaneti. Leo inaitwa Booking, na hisa yake imewahi kupita dola 5,000. Kampuni hizi zilikuwa na biashara inayoingiza fedha. Hiyo ndiyo tofauti, na haionekani kwenye tangazo la kuunganisha hisa. Inaonekana kwenye taarifa za mapato.

Sasa tuje kwa mwenye hisa chache. Tuseme kampuni inaunganisha 20 kwa 1, na bei kabla ya hapo ni senti 40 za dola. Mwenye hisa 1,000 anapata 50 za dola 8 kila moja. Alikuwa na dola 400, bado ana dola 400. Mwenye 130 anapata sita na nusu, na hapo kampuni lazima iamue. Kampuni nyingi humlipa fedha taslimu kwa ile nusu, dola 4. Nyingine humwongezea mpaka hisa nzima, akawa na saba. Na mwenye hisa 15 je? Hesabu yake ni robo tatu ya hisa. Pale wanapolipa fedha, anapewa dola 6 na siku hiyo hiyo si mwanahisa tena. Hakuuza. Hakuulizwa. Kama alinunua kwa dola 5 kila hisa akisubiri ipande tena, hasara yake imefungwa kwa niaba yake.

(Kuna wajanja waliogeuza zile za kuongezewa kuwa biashara. Hununua hisa moja moja katika akaunti za madalali wengi kabla ya siku ya kuunganisha, kila hisa ya senti chache ikapandishwa kuwa hisa nzima ya dola kadhaa. Faida ni ya pesa za chai, na siku hizi nyaraka nyingi za kampuni huandikwa kwa uangalifu ili kuwazuia.)

Kumwondoa mwenye hisa chache huwa wakati mwingine ndilo lengo lenyewe. Mahakama ya Juu ya jimbo la Delaware, ambako kampuni nyingi kubwa za Marekani zimesajiliwa, ilikutana na suala hilo mwaka 2002. Kampuni ya mawasiliano ya Avaya ilikuwa imezaliwa kutoka kampuni ya Lucent ikiwa na wanahisa zaidi ya milioni 3, wengi wao wakiwa na hisa za kuhesabu. Wenye chini ya hisa 90 walikuwa karibu robo tatu ya wanahisa wote, lakini mikononi mwao kulikuwa na asilimia 3 na ushee tu ya hisa. Kuwatumia wote barua na ripoti kila mwaka ni gharama. Mpango ukawa kuunganisha hisa, kuwalipa wale ambao wangebaki na kipande, kisha dakika hiyo hiyo kuzigawa upya kwa waliobaki kana kwamba hakuna kilichotokea. Mwanahisa mmoja alishtaki. Mahakama ikasema mpango ni halali, na kwamba malipo kwa wastani wa bei ya soko wa siku kumi yanatosha. Kwa kampuni ndogo njia hii huenda mbali zaidi: uwiano huwekwa mkubwa kiasi cha kushusha wanahisa waliosajiliwa chini ya 300, na hapo kampuni inaweza kuacha kutoa ripoti kwa SEC, mamlaka inayosimamia masoko ya mitaji ya Marekani.

Hata hivyo, kwa wengi wetu wanaonunua hisa za Marekani kwa simu, hatari kubwa iko kwenye jambo kavu zaidi, ambalo watu hulipita bila kulisoma. Kila kampuni ina namba mbili za hisa. Moja ni zile zilizokwisha kutolewa na ziko mikononi mwa watu. Nyingine ni kiwango cha juu ambacho katiba ya kampuni inaruhusu itoe. Kampuni inapounganisha hisa, namba ya kwanza hushuka. Ya pili hushuka iwapo tu pendekezo limesema hivyo.

Chukua kampuni inayoruhusiwa hisa milioni 100 na imeshatoa milioni 95. Nafasi iliyobaki ni milioni 5, na ikitaka fedha zaidi kwa kuuza hisa lazima irudi kwa wanahisa kuomba ruhusa. Sasa iunganishe 20 kwa 1. Zilizotolewa zinakuwa milioni 4.75. Zinazoruhusiwa zinabaki milioni 100. Nafasi imekuwa zaidi ya milioni 95, na bodi inaweza kuzidisha idadi ya hisa mara ishirini na ushee bila kurudi kwa wanahisa kuomba kubadilisha katiba. Mwanahisa aliyekuwa na asilimia 1 anayo bado asubuhi ya kuunganisha, hisa 47,500. Kampuni ikiuza hisa mpya milioni 20 mwezi unaofuata, asilimia yake inashuka hadi 0.19. Ndiyo maana General Electric ilipopunguza pia kiwango kinachoruhusiwa, kutoka bilioni 13.2 hadi bilioni 1.65, yaani kwa nane ile ile, ilikuwa ikitoa ishara ambayo mwekezaji makini aliisoma.

Kampuni ya majumba ya sinema ya AMC ilikuwa upande mwingine, na kisa chake kinafaa kusimuliwa taratibu kwa sababu wawekezaji wadogo ndio waliokuwa wengi ndani yake. Mwaka 2021, baada ya umati wa wanunuzi wa mtandaoni kuipandisha bei, uongozi ulitaka ruhusa ya kutoa hisa milioni 25 zaidi. Wanahisa wakapinga mpaka pendekezo likaondolewa kabla ya kura. Kampuni ilikuwa imekaribia kikomo cha hisa milioni 524 zilizoruhusiwa; kufikia 2023 ilikuwa na takriban milioni 519. Mlango ulikuwa umefungwa.

Agosti 2022 AMC ikapita dirishani. Iligawa aina nyingine ya hati, iliyopewa jina APE, moja kwa kila hisa ya kawaida, kisha ikaanza kuziuza hati hizo sokoni, maana zenyewe hazikuhesabiwa kwenye kile kikomo. Hati hizo zilikuwa na haki ya kura. Tena, za wale ambao hawakupiga kura zilipigiwa kura na mtunza hati kwa uwiano ule ule wa waliopiga, wakati hisa ya kawaida isiyopiga kura ilihesabiwa kama imepinga. Machi 2023 wanahisa wakaitwa kuamua mambo yaliyofungwa pamoja: kuunganisha hisa kumi kuwa moja, kupandisha kiwango kinachoruhusiwa hadi milioni 550, na kugeuza APE zote kuwa hisa za kawaida. Likapita. Kesi ikafunguliwa Delaware, jaji akakataa mapatano ya kwanza, akakubali yaliyorekebishwa Agosti 2023. Wenye hisa za kawaida walifidiwa hisa moja kwa kila 7.5 walizobaki nazo baada ya kuunganishwa.

Tazama namba zilivyokuwa mwisho wa mwezi huo. Hisa zilizotolewa zilikuwa takriban milioni 158, na zilizoruhusiwa milioni 550. Nafasi ya milioni 5 ilikuwa imekuwa ya karibu milioni 390. Septemba hiyo hiyo kampuni ikauza hisa mpya milioni 40 na kukusanya dola milioni 325.5, wastani wa dola 8.14 kila moja. Aliyekuwa na asilimia 1 alibaki na 0.8. Uongozi ulijitetea kwamba bila fedha hizo kampuni ingefilisika, na utetezi huo una uzito wake. Deni lilikuwa kubwa na watu hawakuwa wamerudi sinema kama zamani. Ila mwanahisa aliyedhani Agosti ilihusu kubadilisha kumi kuwa moja alikuwa akitazama mkono usiohusika.

Kuna aina ya kampuni ambayo hufanya haya kwa mzunguko. Haina mapato ya kutosha, benki haziikopeshi, kwa hiyo inakopa kwa watu wanaokubali kulipwa kwa hisa. Masharti husema deni linaweza kugeuzwa kuwa hisa kwa bei ya soko ya siku hiyo, tena kwa punguzo. Deni la dola milioni 1, hisa ikiwa dola 2, ni hisa 500,000. Hisa ikiwa senti 20, ni hisa milioni 5. Mkopeshaji akigeuza huuza papo hapo, bei inashuka, mgeuzo unaofuata unazaa hisa nyingi zaidi, bei inashuka tena, mpaka ile barua ya Nasdaq inafika. Kampuni inaunganisha hisa, inapumua, na nafasi ya kutoa hisa mpya imefunguka upya.

Mullen Automotive, kampuni ya magari ya umeme ya California, iliunganisha hisa mara tatu ndani ya mwaka 2023: 25 kwa 1 mwezi Mei, 9 kwa 1 Agosti, na 100 kwa 1 Desemba. Zidisha: hisa 22,500 za mwanzo wa Mei zilikuwa hisa moja wakati wa Krismasi. Septemba 2024 ikaja nyingine ya 100 kwa 1, na bado hazikuisha. Mtu anayefungua leo grafu ya bei ya kampuni kama hiyo huona mstari unaoanzia kwenye mamilioni ya dola, kwa sababu programu huzidisha bei za zamani zilingane na hisa za sasa. Hakuna aliyewahi kununua hisa hiyo kwa bei hiyo. Nimeona watu wakiitazama grafu ya namna hii na kusema ikirudi hata robo tu ya ilipokuwa, tumetoka. Hapo pa kurudi hapajawahi kuwapo.

Wasimamizi waliona mchezo. Januari 2025 SEC iliidhinisha kanuni mpya za Nasdaq na New York. Kampuni ikianguka chini ya dola moja ndani ya mwaka mmoja tangu iunganishe hisa, haipewi tena muda wa kujirekebisha. Na kwa Nasdaq, kwa kanuni iliyokuwapo tayari, kampuni ambayo katika miaka miwili imeunganisha kwa uwiano wa jumla wa 250 kwa 1 au zaidi, bei ikishuka tena, huanza kuondolewa moja kwa moja. New York iliweka kikomo hicho kwenye 200 kwa 1. Kuna kizuizi kingine pia: ukiunganisha mno, hisa zilizo mikononi mwa umma zinaweza kushuka chini ya 500,000, ambacho ni kiwango cha chini kwenye daraja la kampuni ndogo la Nasdaq, ukawa umeziba tundu moja kwa kutoboa lingine.

Nairobi nako kisa kipo, ingawa dola moja haikuhusika. Mwaka 2017, katika mpango wa kuiokoa Kenya Airways, hisa za zamani zilipitia kugawanywa na kuunganishwa, na madeni yakageuzwa kuwa hisa mpya. Serikali ikapanda kutoka asilimia 29.8 hadi 48.9. Benki zilizokuwa zikidai zikapata 38.1 kupitia kampuni waliyoiunda kwa ajili hiyo. KLM, shirika la ndege la Uholanzi, ikashuka kutoka karibu 27 hadi 7.8. Wanahisa wengine wote, wale wananchi na mifuko waliokuwa pamoja na zaidi ya asilimia 40, wakabaki na 2.8. Ni mgeuzo wa madeni uliowafikisha hapo, na mabadiliko ya hisa yalikuwa fundi wa kuuwezesha. Miaka mitatu baadaye, Julai 2020, hisa hizo zikasimamishwa sokoni, na hazikuuzwa tena mpaka Januari 2025.

Kwa hiyo tangazo likija, bei mpya ndiyo ya mwisho kutazamwa. Kwenye waraka wa kuitisha mkutano kuna jedwali, mara nyingi katikati ya kurasa ambazo wakili peke yake anaweza kuzipenda, lenye hisa zilizotolewa, zinazoruhusiwa na zilizobaki, kabla na baada. Hapo hapo karibu pameandikwa vipande vitalipwa au vitaongezwa. Kisha fungua ripoti ya robo mwaka, uangalie kama kuna madeni yanayogeuka kuwa hisa, na hisa zilizotolewa zimeongezeka kwa kiasi gani tangu mwaka jana. Kampuni ambayo idadi yake imekua mara mbili bila kununua chochote cha maana imeshakupa jibu.

Na kuna kura. Hadi katikati ya 2023 sheria ya Delaware ilidai kuunganisha hisa kukubaliwe na zaidi ya nusu ya hisa zote, kwa hiyo mwekezaji mdogo aliyenyamaza alikuwa anapinga bila kujua. Tangu tarehe 1 Agosti 2023, kwa hisa zilizoorodheshwa kwenye masoko makuu, kinachohitajika kwa kawaida ni kura za ndiyo kuzidi za hapana. Aliyenyamaza hahesabiwi popote. Fomu ya kupigia kura huja kwa barua pepe ya dalali wiki chache kabla ya mkutano, na kichwa chake kirefu cha kisheria hakitaji pesa mahali popote.